Taa za Nyuma za Mheshimiwa

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Huku wote wazima isipokuwa wasio wazima, na hao nitawafikia.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu katika nyumba hii ni mali ya umma. Nikisema tu "haloo", wapwa zako wameshajua ni nani, na shemeji yako anapunguza sauti ya redio apate kusikia vizuri. Barua angalau inanipa nafasi ya kumaliza sentensi.

Ajali umeisikia kwa juujuu. Sasa isikie yote. Shemeji yako alikuwa amebeba kabati la mteja nyuma ya pikapu yetu, Mheshimiwa. Kamba ikalegea, akaegesha pembeni mwa barabara karibu na duka la vifaa vya ujenzi, akaingia kununua nyingine. Ilikuwa magharibi, ile saa ambayo si mchana wala si usiku. Pikipiki ikatoka nyuma na kuivaa pikapu upande wa kushoto. Aliyekuwa akiiendesha ni fundi wa plasta, alikuwa anarudi kutoka kazini. Mguu wake sasa umefungwa vyuma, na daktari hajamwambia kama atapanda tena jukwaa la ujenzi. Anasema pikapu haikuwa na taa hata moja. Shemeji yako anasema taa zilikuwa zinawaka. Polisi wamemfungulia kesi kwa kuacha gari barabarani gizani bila taa. Akishindwa, leseni inakwenda, pengine na yeye mwenyewe anakwenda ndani, na unajua hapa tunakula kwa magurudumu manne yale.

Tumepata wakili. Kijana, koti lake lina mabega mapana kuliko yeye. Anasema hakimu husikia vizuri zaidi kwa macho, kwa hiyo anataka mfano wa gari wa kuweka mezani wakati anaeleza. Nikamwambia nina mdogo wangu anayetengeneza magari madogo, ukiyaona utatafuta mlango uingie. Akauliza, "Karakana yake iko wapi?" Nikasema, "Kwenye meza ya kulia chakula."

Basi tutengenezee Mheshimiwa. Ifanane, kila kitu, hata lile bonde kwenye mlango. Lakini analolitaka wakili hasa ni taa za nyuma zionekane zinawaka. Shemeji yako aliziwasha. Hilo naweza kuapa mbele ya mtu yeyote.

Dada yako


Jumamosi, 9 Machi

Dada,

Mpe shemeji pole. Mpe na huyo fundi wa plasta, kama kuna njia ya kumfikishia bila wakili kujua.

Mheshimiwa nitaitengeneza, wala sihitaji picha nyingi. Gari nililolisukuma mara zote zile nalijua kwa mabega. Bado nadhani jina lile ndilo jambo la akili kuliko yote aliyowahi kufanya shemeji: haendi popote bila watu nyuma yake.

Ila taa ni habari nyingine, na nivumilie nikueleze, kwa kuwa mama mwenye nyumba wangu amekataa kunisikiliza tangu harufu ya tina ya kuzimulia rangi ilipoingia kwenye mapazia yake.

Anayeanza kazi hii huchukua rangi nyekundu, akapaka, akasema hiyo ni taa. Inatoka kama mdomo uliopakwa rangi. Taa si kitu chekundu. Taa ni bakuli linalong'aa, ndani yake kuna balbu, mbele yake kuna kioo chekundu. Kwa hiyo naanza na bakuli: fedha, na kijivu kidogo kwenye pembe kwa sababu vumbi huingia humo na halitoki. Halafu kidoa mahali pa balbu. Halafu kioo, ambacho nakikata kwenye plastiki ya wazi, ile wanayofungia betri za saa madukani, na kukipaka kwa ndani rangi nyekundu inayopitisha mwanga, nyembamba, mara kadhaa, kama mtu anayetia chai maziwa akiogopa kuzidisha. Mwisho mstari mweusi kuzunguka, ule mpira unaozuia maji. Ukikosea mstari huo, gari zuri lote linaonekana limebandikwa vifungo vya shati. Nina mteja mmoja, daktari wa meno, aliwahi kunirudishia gari kwa sababu hiyo. Alikuwa na haki, jambo lililoniudhi zaidi.

Sasa uniletee vipande vya kioo kilichovunjika. Wekundu wa taa haufanani. Ule wa upande wa kulia najua ulipauka kwa jua. Wa kushoto shemeji aliununua baadaye, na sikuwahi kuutazama vizuri. Nitumie hata kipande cha ukubwa wa kucha.

Kuhusu kuwaka: kigari hakiwaki, dada. Lakini jicho linadanganyika. Chini unaweka nyeupe badala ya fedha, katikati unaweka rangi ya chungwa inayokolea taratibu kuwa nyekundu kwenye kingo, na mtu ataapa kuna moto ndani. Wakusanyaji wa vigari hawapendi, wanasema ni utoto. Hakimu sidhani kama ni mkusanyaji.

Mdogo wako


Jumamosi, 16 Machi

Mdogo wangu,

Nimekuwekea vipande kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Nimelisafisha, lakini usishangae kazi yako ikinukia waridi. Nilivikusanya barabarani kesho yake asubuhi, nikaviokota vyote, hata nisivyovielewa. Kimoja nadhani ni balbu, au ilikuwa balbu. Kwenye gari haipo, ilirushwa nje na kishindo. Chukua unachokitaka, vingine tupa.

Wapwa zako wamefurahi kusikia Mheshimiwa inatengenezwa upya hata kama ni ndogo. Yule wa mwisho ameuliza kama hiyo nayo itahitaji kusukumwa. Baba yake hakucheka. Siku hizi hacheki. Anakaa uani anaifuta pikapu, sehemu ile ile, na upande wa kushoto uliopondeka ameufunika gunia kana kwamba ni mgonjwa.

Wakili alikuja juzi. Akasema atamwonyesha hakimu kwamba fundi yule alikuwa amekunywa.

"Alikunywa?" nikamwuliza.

"Mama, alikuwa anatoka kazini, siku ya mshahara."

"Nimeuliza kama alikunywa."

"Watu wengi hunywa siku ya mshahara," akasema, akageuza ukurasa.

Nikamtengea chai akainywa yote, mikate pia. Nimesikia fundi yule ana mke anayefua nguo za watu, na kwamba wanakaa nyuma ya ghala la mbao. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Haliwezi kukusaidia kupaka rangi.

Dada yako


Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Kopo limefika. Kweli linanukia waridi.

Bodi ya gari imekwisha. Bonde la mlangoni limekaa vizuri kuliko lenyewe. Taa bado. Hali ya hewa ina unyevu, rangi haikauki ninavyotaka.

Niambie: ile balbu uliikuta wapi hasa? Na mwulize shemeji, lakini taratibu, usimwulize wakati anakula, kama ana hakika kabisa alivyosema.

Mdogo wako


Alhamisi, 28 Machi

Wewe mtoto,

Barua yako imenifikia, kama mtu anaweza kuiita barua. Maelezo ya dawa ya kikohozi ni marefu kuliko hiyo. Unyevu! Mwaka jana mvua ilinyesha hadi vyura wakahama, na wewe ukamaliza malori mawili ya yule daktari wa meno.

Nakujua tangu huvai suruali. Ukiwa na jambo rohoni unazungumzia hali ya hewa. Kama ni yale maneno ya shemeji yako, kwamba mwanamume mzima anachezea vigari wakati wenzake wanaendesha magari, nilidhani tumeyamaliza. Alisema vibaya, nikamwambia, akanyamaza, na kwake huko ndiko kuomba radhi. Sasa anakuhitaji na wewe unamlipizia kwa brashi. Au sivyo?

Balbu niliikuta pale pale chini, pamoja na vioo. Ina maana gani ilikuwa wapi? Ingekuwa wapi, juu ya mti?

Na huyo shemeji sitamwuliza kitu. Ameulizwa na polisi, ameulizwa na wakili, ameulizwa na mama yake kwa simu huku analia. Amejibu wote sawasawa: aliziwasha. Nami nakujibu hivyo hivyo: mume wangu aliwasha taa, kisha akashuka. Ningeweza kukuapia kwa macho yangu mwenyewe. Kesi inasikilizwa tarehe 25 Aprili. Wakili anataka mfano uwe mkononi wiki moja kabla. Paka taa za watu.

Dada yako, ambaye bado anakupenda lakini kwa shida


Alhamisi, 4 Aprili

Dada,

Ulitaka barua ndefu. Kaa kwanza.

Nilichukua vipande vya kioo nilinganishe wekundu, na balbu nikaiweka pembeni kama nilivyoambiwa. Halafu nikafikiri, nina kidoa cha kupaka mahali pa balbu, si bora nione balbu yenyewe inavyokaa? Nikaiweka chini ya lenzi ninayotumia kwa kazi ndogo. Bora ningeitupa.

Kile kiwaya cha ndani, ndicho kinachotoa mwanga. Kikiwa kinawaka kina moto usio na mfano, na kinachokilinda ni kioo tu, maana ndani hakuna hewa ya kukiunguza. Sasa kioo kikivunjika wakati kiwaya kinawaka, hewa inaingia na kukiunguza papo hapo. Kinakuwa cheusi, na kinaacha unga mweupe kama wa chaki. Hili sikulisoma chuoni, unajua mimi na chuo. Nimevunja balbu nyingi kwa ujinga wangu, nikitaka kujua ndani zinafananaje, na fundi mmoja wa umeme wa magari alinieleza nilichokuwa nakiona.

Kioo cha balbu uliyoniletea kimevunjika. Kiwaya kipo. Kinang'aa kama sindano mpya.

Nilifanya kila niwezalo kumtetea. Nikasema pengine ni balbu ya taa ya kukatia kona, lakini hiyo ina kiwaya kimoja na hii ina viwili, kimoja cha usiku na kimoja cha breki, vyote vinang'aa; ni ya taa ya nyuma hasa. Nikasema pengine iliungua siku nyingi, lakini iliyoungua hukatika, na hii ni nzima. Nikasema pengine si ya Mheshimiwa, lakini kwenye kitako chake kuna kile kipande cha karatasi ya sigara ambacho shemeji alikiweka ili ishike. Mimi nilikuwepo siku ile, nilimshikia tochi.

Haikuwa inawaka, dada. Pikipiki ilipoipiga ilikuwa baridi.

Sasa mumeo anasimama mbele ya watu kusema ziliwaka, na kijana mwenye koti anajiandaa kumwita mtu mwenye mguu wa vyuma mlevi. Na mimi nipake rangi ya chungwa katikati, ikolee taratibu kwenye kingo. Sitapaka. Mwambie hivyo. Mwambie mtu anayechezea vigari anasema yeye ni mwongo.

Mdogo wako


Ijumaa, 12 Aprili

Shemeji,

Sijawahi kukuandikia. Wewe na mimi huwa tunazungumza kupitia dada yako, kama nchi mbili zenye balozi mmoja. Mwandiko wangu ni mbaya, soma hivyo hivyo.

Barua yako niliikuta juu ya kabati, imekunjwa hadi ikawa kama kidonge. Aliisoma akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Sikumwuliza. Niliichukua nikaisoma uani. Najua si ustaarabu. Umeniita mwongo kwenye karatasi, basi nina haki ya kuiona karatasi.

Mimi niliwasha taa. Nikashuka, nikaenda dukani. Dukani kulikuwa na foleni, mtu ananunua misumari anaihesabu kama anaioa. Mimi ndani, gari nje.

Dada yako alikuwa garini.

Hakukuambia, najua. Hakuna anayejua, hata polisi. Nilikwenda naye kwa sababu mteja alitaka mtu wa kumwonyesha mkewe jinsi milango ya kabati inavyofunguka. Nilipotoka baada ya kusikia kishindo, nilikuta taa zimezimwa na yeye amepiga magoti barabarani, kijana wa watu kamlaza kichwa mapajani, na huku mkono mmoja anaokota vioo anaviweka kwenye sweta yake. Anaokota tu. Nikamwambia acha, haachi. Hivyo ndivyo ulivyonavyo wewe. Hiyo ya kesho yake asubuhi ni hadithi.

Sasa utauliza kwa nini alizima. Wiki ile ile alikuwa ameegesha uani akasahau taa. Betri ikafa, nikakosa kazi ya asubuhi. Nilimfokea mbele ya watoto. Nilimwita neno ambalo sitaliandika kwa kuwa wewe ni ndugu yake. Nikamwambia gari likisimama, taa zinazimwa, hata kichaa anaelewa. Kwa hiyo siku ile likasimama, nami nikatoka, akanyoosha mkono akazima. Alidhani atanifurahisha.

Haya, mwanasayansi. Hiyo lenzi yako ikuonyeshe nani alizima.

Njiani kwenda hospitali, kijana analia nyuma, nilimwambia dada yako: wewe hukuwepo. Taa ziliwaka. Basi. Hakusema ndiyo hakusema hapana. Ya kumwita mtu mlevi ni ya wakili, mimi sikuyaleta, lakini sikuyazuia pia.

Leseni yangu wachukue. Nikifungwa nitatoka. Yeye sitaki asimamishwe pale aulizwe. Tangu siku ile, tukipita njia ya ghala la mbao anafumba macho. Unadhani ataweza?

Zipake ziwake. Hiyo balbu itupe. Au imeze, nitakununulia maji.

Shemeji yako


Jumanne, 16 Aprili

Dada,

Shemeji ameniandikia. Usimkasirikie, na kama unajua tayari, usijifanye hujui. Mwandiko wake kweli ni mbaya. Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Nimerudi kwenye barua zako. "Shemeji yako aliziwasha." Umeandika hivyo kila mara, na ukiacha ile ya kesho yake asubuhi, hakuna mahali ulipodanganya. Ungekuwa wakili, yule kijana angekuwa anakubebea mkoba.

Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea kwa furaha. Nilipoona kiwaya kinang'aa, kabla sijamfikiria fundi wa plasta, kabla sijakufikiria wewe, kuna kitu ndani yangu kilisema: nimempata. Miaka yote ya vigari, nimempata. Nikaandika haraka, mwandiko mzuri kabisa. Na pigo lote likakuangukia wewe.

Kifurushi hiki kina Mheshimiwa. Utaona nyuma kuna matundu mawili matupu. Taa sijaziweka. Zimo kwenye visanduku viwili vya viberiti, nimeviandika kwa penseli.

Kwenye kimoja taa zinawaka. Ni kazi nzuri, nasema bila aibu, pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ukiziangalia mchana utataka kuzizima.

Kwenye kingine zimelala. Fedha, vumbi kwenye pembe, wekundu mzito unaokaribia weusi, wa kulia umepauka kuliko wa kushoto. Hizo zilinichukua muda mrefu zaidi. Kitu kilichozimwa ni kigumu kupaka, kwa sababu kila anayekitazama anataka kuamini kina mwanga.

Balbu nayo imo, kwenye pamba. Si yangu kuitupa wala si yangu kuimeza.

Siwezi kukuchagulia. Nilijaribu kukuhukumia mumeo nikiwa nimekaa mezani kwangu, na umeona matokeo. Ukibandika, tumia ile gundi nyeupe ya shule niliyoiweka, tone dogo kwa kijiti cha meno. Usitumie ile kali ya dukani, moshi wake huweka ukungu kwenye kioo na hauondoki tena. Gundi nyeupe ikiwa mbichi inafutika kwa maji. Ikikauka, haifutiki.

Nikitakiwa kuja, nitakuja. Nikitakiwa kukaa kimya, nitazungumzia hali ya hewa.

Mdogo wako


Jumatano, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Kesi ni kesho. Nataka barua hii iondoke leo, nisije nikaambiwa baadaye kwamba niliandika nikijua itakavyokwisha.

Kifurushi kilipofika nilikuwa peke yangu. Nikaiweka Mheshimiwa juu ya meza na kujikuta naisalimia. Halafu nikafungua viberiti vyote viwili. Zinazowaka, nilizishika kiganjani nikaenda nazo dirishani, nikazirudisha kivulini, na kule kivulini bado zilikuwa zinawaka. Uovu mtupu. Nikaona kabisa hakimu akiinama kuzitazama na kutikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikatia gundi kwenye kijiti. Nikazibandika, mdogo wangu. Sitakuficha. Zilikaa pale kwa muda wa kuchemsha maji. Wakati namimina chai nikaitazama Mheshimiwa kwa nyuma, kama mtu anayekuja barabarani, na kikombe kikafurika, chai ikaenda mezani. Nikachukua kitambaa hicho hicho cha kufutia chai na kuzifuta.

Kisha nikabandika zilizolala. Nikasubiri zikauke, nikavaa viatu.

Nyuma ya ghala la mbao kuna vyumba vitatu kwenye mstari, na kamba za nguo za watu mbele ya cha mwisho. Mkewe alikuwa anafua. Nilisema natoka kwa dereva wa pikapu. Akasema, "Wakili wenu alishakuja kuuliza majirani mume wangu hunywa wapi." Akaniacha nipite, nadhani kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu.

Yeye yuko kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mifuko ya saruji iliyojazwa mchanga, amejipangia mwenyewe. Ni mtoto, mdogo wangu. Mdogo kuliko wewe. Siku ile gizani nilimwona mkubwa. Hakunikumbuka, au alijifanya. Ukuta wa upande wa kitanda chake ni laini kama sahani, kuta nyingine tatu bado matofali. Akaniona naukagua, akasema, "Niliishia hapo."

Nikampa gari.

Akaligeuza. Hakutazama bonde la mlangoni, wala kioo cha mbele, samahani. Akalipeleka nyuma moja kwa moja, akalisogeza karibu na jicho lake, halafu akalishusha usawa wa kitanda na kulitazama kwa mbali. Kisha akaita, "Njoo. Njoo uone."

Mkewe akaja akijifuta mikono.

"Si nilikuambia?" akamwambia. "Si nilikuambia ilikuwa hivi? Nyeusi hivi."

Mkewe akatazama. Akasema, "Zimezimwa."

"Nilianza kudhani niliota. Kila mtu ananiambia niliota."

Ndipo mkewe akanigeukia. "Nani alizizima?"

Wakati wote njiani nilikuwa nimepanga maelezo. Betri. Kamba. Foleni dukani. Yalikuwa mazuri, yana mwanzo na mwisho. Yakatoka yote kichwani, likabaki moja.

"Mimi," nikasema.

Hakunipiga. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Toka." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia kuku. Nikanyoosha mkono nichukue gari, kwa sababu ya wakili, kwa sababu ya kesho, kichwa hakikuwa changu. Fundi akalivuta kifuani kwake. "Hili linabaki," akasema. Nikaliacha. Balbu pia, niliyokuja nayo mfukoni, niliiacha juu ya kiti. Mlangoni nikasikia mkewe analia, na yeye anamwambia, "Tazama walivyoweka hadi vumbi."

Nimemwambia shemeji yako. Alikaa juu ya ndoo uani, gunia la Mheshimiwa mkononi. Nikangoja afoke. Ningependa afoke. Akasema, "Basi na mimi nitasema nilikufokea." Nikamwambia hakimu hataliuliza hilo. Akasema, "Asipouliza, nitasema hivyo hivyo." Halafu amenipigia pasi lile gauni la kijivu, ameliunguza kidogo kwenye mkono. Nitalivaa hivyo hivyo.

Sijui tutakula nini mwezi ujao. Sijui wapwa zako watamkuta nani nyumbani keshokutwa. Kama mimi ndiye nisiyekuwepo, uje ukae nao, na kazi yako ya rangi uifanyie uani.

Wakili amepiga simu sasa hivi, nyumba nzima inasikiliza. Anataka mfano aupange mezani kabla hakimu hajaingia. Nikamwambia umefika, ni mzuri sana, lakini uko kwa mwenyewe.

"Mama," akasema, "sasa kesho hakimu ataona nini?"

Nikamwambia ataniona mimi.

Dada yako